Dakika ya Nane ya Pumzi ya Baba

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikupita, usijilaumu, hukukosa lolote la heri. Nilifeli mtihani wa nadharia, nikavunja mdomo wa klarineti ya chuo, na nikagundua kwamba mama, kwa moyo wake mweupe, amempa kaka yangu kadi ya mwaliko niliyokuwa nimeificha chini ya godoro.

Tulipoachana wiki iliyopita, wasomaji wangu, kaka alikuwa mlangoni mwa ukumbi, saa tisa na nusu alasiri, amenyoa ndevu, amevaa lile shati alilovaa mazikoni kwa Baba, anauliza ndugu wa wanamuziki wanakaa wapi.

"Mstari wa tatu," nikamwambia, na nikamwonyesha kwa kidole.

Ndivyo nilivyo siku hizi. Ukiniuliza kitanzi changu kiko wapi, nitakuelekeza na nitakuonya kuhusu ngazi.

Leo nasimulia kwa nini sikutaka aje. Wengi mmeniandikia mkisema labda tuligombana. Hatukugombana. Mimi ndiye niliyemkosea, na yeye hakuwa anajua. Angalau nilidhani hajui.

Baba yetu alikuwa fundi redio. Kaka alikuwa fundi mwenzake tangu akiwa na miaka kumi na mitatu, na Baba akimwita Fundi Mdogo hata alipoota kitambi. Halafu siku moja kaka akaweka chini chuma cha kulehemu, akaenda kuwa kinyozi.

Baba akasema mkono alioufundisha kufufua redio hauwezi kwenda kukwangua vichwa vya watu. Kaka akajibu kwamba vichwa, tofauti na redio, vina ahsante.

Basi. Wakanuniana miaka miwili. Mama akawa mpeleka salamu ambazo hakuna aliyezituma.

Baba alipolazwa, aliyelala kwenye kiti cha wodini wiki tisa ni mimi. Nilimlisha, nikamgeuza, nikamkata kucha. Na kila alipofumbua macho aliuliza swali lile lile.

"Fundi Mdogo yuko wapi?"

Mimi jina langu aliacha kulitaja wiki ya tatu. Nikawa "we nani hapo, nipe maji."

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo muziki unapoingia.

Niko kwenye kundi la muziki wa kisasa la chuo. Msidhani ni bendi ya harusi. Tuko wanne, hatuna mdundo wa kuchezeka, na watu wakitoka kwenye onyesho letu huulizana kama lilikuwa limeanza.

Kazi yetu iko hivi. Kila mmoja anavaa spika ndogo ya sikioni. Ndani yake inapigwa sauti iliyorekodiwa, tunaisikia sisi tu. Hadhira haisikii chochote humo. Sisi papo hapo tunaiga tunachosikia, kila mtu kwa chombo chake, mimi klarineti, mwingine fidla, mwingine koo lake mwenyewe.

Mwalimu wetu, mama wa makamo ambaye hata viatu vyake havitoi sauti, ana sheria moja tu.

"Iga unachosikia. Usichague. Ukianza kuchagua, umeshakuwa mwongo."

Wiki ile Baba akiwa wodini, Mwalimu alitupa kazi ya nyumbani: leteni pumzi ya mtu aliyelala.

Niliweka simu kwenye mto wa Baba, mchana kweupe, nikabonyeza kitufe cha kurekodi. Ndiyo. Baba anaaga dunia, mwanawe anafanya kazi ya chuo. Mnaweza kunisema, nimeshajisema.

Dakika saba za kwanza ni pumzi tupu. Nzuri, za taratibu, na mwishoni mwa kila moja kuna kamluzi kembamba ka puani.

Dakika ya nane Baba akaamka.

"Fundi Mdogo yuko wapi?"

"Hayupo, Baba."

"Mpigie. Mwambie aje nimwone."

"Nimempigia, Baba. Amekataa. Amesema haji."

Sikuwa nimempigia. Simu yenyewe ilikuwa palepale kwenye mto wake, karibu na sikio, inarekodi, na mimi nilishasahau kama inarekodi.

Baba akanijibu. Alichojibu nitakifikia, mnivumilie. Siku tatu baadaye alifariki.

Mtauliza kwa nini nilisema vile. Wivu. Wiki tisa za kuitwa "we nani hapo" na wivu. Miezi kumi na moja nimetafuta neno lenye heshima kidogo kuliko hilo, sijalipata.

Mazikoni sikulia. Shangazi zangu walinifinya kidogo mkononi, labda chozi litatoka, halikutoka. Chuoni wakanipa jina la Barafu. Nikaliitikia. Nilikula, nikafua, nikafanya mazoezi ya klarineti saa mbili kila siku, na ndani yangu palikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya.

Ile rekodi niliikata ikabaki dakika saba, nikampa Mwalimu pumzi peke yake. Akaipenda kuliko za wenzangu wote. Akasema ndiyo itakayobeba onyesho la mwisho wa mwaka.

Hiyo dakika ya nane niliiacha kwenye simu. Kufuta nilishindwa, maana katika nyumba ya fundi redio hakuna mtu aliyewahi kukumbuka kumrekodi fundi mwenyewe. Hiyo ndiyo sauti yake pekee tuliyobaki nayo, na ndani yake mimi nadanganya.

Turudi ukumbini. Kaka ameketi mstari wa tatu. Mimi nimerudi nyuma ya jukwaa kufunga mdomo mpya wa klarineti.

Mwalimu akatokea begani kwangu bila hata kishindo.

"Barafu, jana nimeisikiliza tena pumzi yako. Mwisho umekatwa."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Unasikika. Tap! Kama mtu kafunga mlango. Inaniudhi. Ile nzima unayo?"

"Nzima ina kelele."

"Kelele za nini?"

"Za wodini."

"Kelele hainisumbui mimi. Kinachonisumbua ni hicho kisu chako. Mpe fundi mitambo simu yako, achukue ile nzima."

Hapo ningeweza kusema nimeifuta. Lilikuwa neno moja tu, na mimi kusema uongo nimeshafanya mbele ya mtu mkubwa kuliko Mwalimu. Lakini mdomo haukufunguka. Mkono ndio ulionyooka, ukatoa simu mfukoni.

Fundi mitambo ni mtu mpole anayetembea na nyaya shingoni siku zote. Alichomeka simu kwenye mashine yake, akauliza, "Sasa naizima wapi? Naona ni dakika kumi hii."

"Dakika ya saba," nikasema haraka.

"Hapana, hapana," akasema Mwalimu. "Hakuna saa kwenye muziki huu. Barafu ndiye anayebeba pumzi, yeye ndiye anayemaliza. Akishusha klarineti kutoka mdomoni, unazima. Mpaka hapo usiguse kitu."

"Na asiposhusha?"

Mwalimu akacheka. "Atashusha. Pumzi si ya duka, itamwishia."

Fundi mitambo akanigeukia. "Dada, mimi kule nyuma sivai spika. Naangalia mikono yako tu. Ikishuka, nakata. Sawa?"

"Sawa."

Nikaona si vibaya. Mikono ni yangu. Dakika saba zikitimia, naishusha, mambo yamekwisha, kaka anapiga makofi kwa adabu na anarudi kunyoa watu.

Pembeni yangu mwimbaji wetu alikuwa anapasha koo. Tunamwita Kasuku. Anaishi chumba kimoja na mimi, na hakuna sauti asiyoiweza. Anaiga mlango wa bweni, anaiga mpishi wa mesi akikohoa, anaiga Mwalimu mpaka tunasimama wima.

"Barafu," akaninong'oneza, "leo ukitabasamu mara moja tu, nafua mashuka yako mwezi mzima."

"Sitabasamu."

"Basi lia. Kulia nafua wiki mbili."

"Vaa spika yako, Kasuku."

Tukapanda.

Mapangaboi yalikuwa yamezimwa ili yasituharibie ukimya. Joto likawa limekaa juu ya watu kama mgeni asiyeaga. Viti vya plastiki vilijaa zaidi ya nilivyotegemea. Nadhani wengi walidhani kutakuwa na soda.

Pumzi ikaanza masikioni.

Nikaiingiza kwenye klarineti, ndani, nje, ndani, nje. Mpiga fidla akachukua mkwaruzo wa kooni. Mpiga ngoma akasugua ngozi ya ngoma kwa kiganja, huo ulikuwa mshuko wa shuka kifuani. Kasuku akachukua ule mluzi wa puani.

Sijui niwaelezeje. Watu wanne walikuwa wanapumua kama mtu mmoja, na mtu huyo tulimzika mwezi wa kwanza.

Mimi sikuhisi kitu. Nilihesabu.

Dakika ya tatu nikamtazama kaka. Alikuwa ameinamisha kichwa pembeni, jinsi Baba alivyokuwa akiinamisha kusikiliza redio iliyoletwa kutengenezwa. Kasuku akapiga ule mluzi tena, na kaka akafunika mdomo kwa mkono.

Ameijua pumzi. Miaka kumi na tano walifanya kazi meza moja, Baba akisinzia baada ya chakula cha mchana na kaka akilehemu polepole asimwamshe. Angeshindwaje kuijua?

Dakika ya tano kaka akafumba macho. Machozi yalimtiririka na hakuyafuta.

Dakika ya sita.

Dakika ya saba. Saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu, kubwa kama sinia. Nilijua ni wakati. Nikaiambia mikono ishuke.

Mikono haikushuka.

Nimeulizwa baadaye, na watu wenye haki ya kuniuliza, kama nilikusudia. Mbele ya Mungu na mbele yenu wasomaji, sijui. Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa namtazama kaka analia, nikawaza, yule analilia pumzi, hajasikia maneno. Nikawaza tena, anayo haki. Halafu sikuwaza chochote, nikaendelea kupuliza.

Masikioni mwetu Baba akaamka.

Kasuku ni mwanafunzi mzuri. Hakupepesa hata kope. Akashusha sauti yake mpaka kifuani, ikatoka ya mzee, ya fundi, ina vumbi la waya ulioungua.

"Fundi Mdogo yuko wapi?"

Hadhira ikacheka kidogo, kwa furaha kwamba hatimaye mtu amesema kitu. Mstari wa tatu kaka akafumbua macho.

"Hayupo, Baba."

Hiyo ilikuwa sauti yangu. Ilitoka kinywani mwa Kasuku lakini ilikuwa yangu. Sikuwahi kujua kama nina sauti kavu vile.

"Mpigie. Mwambie aje nimwone."

Hakuna aliyecheka tena. Mpiga fidla alinitupia jicho. Mimi bado klarineti iko mdomoni, na kule nyuma fundi mitambo anaangalia mikono yangu kama tulivyokubaliana.

"Nimempigia, Baba," akasema Kasuku kwa sauti yangu. "Amekataa. Amesema haji."

Kaka hakusogea. Nilitegemea asimame, apige kelele, angushe kiti. Alikaa tu, ananitazama mimi, wala hamtazami Kasuku aliyesema.

Kisha likaja lile jibu nililowaficha tangu mwanzo.

Kwenye rekodi Baba ananyamaza kwanza. Anavuta pumzi tatu. Halafu anasema, polepole, kila neno peke yake kama mtu anayepanga skrubu mezani:

"Amekataa. Basi. Radhi yangu hana."

Tulilisikia sisi wanne tu. Kasuku akafungua mdomo kuliiga. Akaufunga. Akaufungua tena, nikaona ulimi wake unatafuta pa kuanzia.

Akaufunga moja kwa moja. Miaka miwili nimekaa na Kasuku, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona akichagua.

Ukumbi mzima ukakaa kimya. Nilisikia kiti cha plastiki kikilia mahali. Kasuku akatoka sehemu yake, akanijia, akashika klarineti yangu kwa mikono miwili na kuishusha taratibu, kama unavyomshusha mtoto aliyelala begani.

Fundi mitambo akazima.

Makofi yaliyofuata, jamani! Watu walisimama. Mzee mmoja mbele alipiga mluzi. Mwalimu alipanda jukwaani macho yamemwiva, viatu vyake kwa mara ya kwanza vinasikika.

"Ule ukimya!" akasema, amenishika mabega. "Ule ukimya wa mwisho! Nani aliupanga?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Mtoto wewe, umefaulu. Mtihani wa nadharia nitazungumza nao."

Hiyo ilikuwa habari njema ya kwanza kwangu tangu mfululizo huu uanze. Niliipokea kama mtu anavyopokea risiti.

Nyuma ya jukwaa mpiga fidla alifunga chombo chake bila kunitazama, akaondoka. Mpiga ngoma alisema "pole" kwa ukuta, akamfuata. Tukabaki mimi na Kasuku kwenye kile chumba cha kuhifadhia viti.

"Barafu," akasema. "Fundi Mdogo ni nani?"

"Kaka yangu."

"Yuko wapi?"

"Mstari wa tatu. Mwenye shati jeupe."

Kasuku akakaa chini sakafuni. "Mungu wangu. Yule aliyekuwa analia?"

"Yule."

"Na mimi nimemwambia mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu..."

"Umesema nilichosema mimi. Wewe huna kosa."

"Na lile la mwisho? Analijua?"

"Hakuna anayelijua. Baba alikufa nalo, nikabaki nalo mimi. Sasa mnalo na nyinyi."

Kasuku akanitazama muda mrefu. "Ulikaa na kitu hicho mwaka mzima, tunalala vitanda viwili, mimi nakuimbia nyimbo za kijinga asubuhi."

Nilitaka kumwambia kwamba zile nyimbo za kijinga ndizo zilizokuwa zikinitoa kitandani. Sikuwahi. Mlango uligongwa, na aliyegonga akaingia bila kungoja.

Kaka.

Alikuwa ameshika ile karatasi ya onyesho wanayogawa mlangoni, ameikunja mara nne. Kasuku akasimama akajipangusa.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, dada. Kazi nzuri."

Akanigeukia mimi. Nikangoja. Siku za mwizi ni arobaini, na zangu zilishapita mia tatu. Nilikuwa tayari kwa kofi, na ningeshukuru.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba hukunipigia simu. Kwamba ulimwambia Baba nimekataa. Nilikuwepo."

Sikumwelewa. Akaivuta kreti ya vyombo akaketi.

"Mama ndiye aliyenipigia siku ile asubuhi. Nikafunga kazi, nikaja. Nilitembea kutoka stendi mpaka hospitali natetemeka kama mtoto aliyevunja sahani. Nikafika mlangoni mwa wodi, pazia limefungwa, nikasikia Baba ananiulizia. Nikashika pazia niingie. Ndipo nikakusikia wewe."

"Kaka..."

"Ngoja nimalize. Mtu mwingine angeingia akasema mwongo huyu, mimi huyu hapa. Mimi nikaachia pazia. Unajua kwa nini? Njia nzima nilikuwa natafuta sababu ya kurudi nyumbani. Nilimwogopa mzee. Wewe ukanipa sababu, nikaichukua, nikaondoka nayo. Kwa hiyo dhambi hiyo usijifanye ni yako peke yako. Tumeila sahani moja."

Maneno hayo ningeyapata mwaka mmoja nyuma, labda ningelia. Niliyasikia kama ninavyosikia tangazo la kituo cha basi. Nilijua ni ya maana na kwamba yananihusu.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nakungoja wewe useme. Mwaka mzima. Mama aliponipa kadi nikajua leo utasema. Na kweli umesema, ingawa umepitia kwa watu." Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likamtoka. "Lakini umeniishia njiani, mdogo wangu."

"Nimekuishiaje?"

"Mimi niliondoka kabla Baba hajakujibu. Sijui alisema nini. Usiku na mchana najiambia alisema, 'Mwacheni, ni mwanangu.' Nimejiambia mpaka nasikia kabisa sauti yake. Kwa neno hilo ndiyo nimeweza kushika udongo nikamzika. Leo ukumbini nikasema, haya, sasa nalisikia lenyewe. Na dada huyu akanyamaza."

Akakunjua ile karatasi. Akamwonyesha Kasuku mstari wa katikati.

"Hapa wameandika, 'Wapigaji huiga kila wanachosikia, hawachagui.' Sasa dada, mbona ulichagua? Baba alijibu nini?"

Kasuku alinitazama. Mimi nikatazama viti vilivyopangwa. Nilijua huu ndio wakati wa kufungua mdomo, nikaufungua, na hapakuwa na neno ndani.

Nyuma yangu Baba akasema, "Basi. Mwacheni. Ni mwanangu. Radhi yangu nimempa."

Nywele zilinisimama. Ilikuwa sauti yake, na vumbi lake, na zile pumzi tatu za mwanzo. Hata ule mluzi wa puani Kasuku aliuweka mwishoni, mahali ambapo Baba mwenyewe angeuweka.

"Hivyo ndivyo alivyosema," Kasuku akaongeza kwa sauti yake ya kawaida. "Nilinyamaza kwa sababu... lilikuwa neno la kwenu. Niliona si la kuwapa watu wa nje."

Kaka akainama. Akaweka uso kwenye magoti na kulia kwa sauti, mabega yanapanda na kushuka, mtu mzima mwenye mke na watoto, juu ya kreti ya ngoma.

"Ahsante," akawa anasema. "Ahsante, dada. Ahsante, Baba."

Kasuku alinitazama kwa macho yanayosema usithubutu. Sikuthubutu. Nikajiambia, labda hapa ndipo pangeishia. Uongo wangu uliharibu, uongo wa Kasuku umetengeneza. Nani angepoteza nini?

Mlango ukafunguliwa tena. Fundi mitambo, nyaya shingoni, simu yangu mkononi, furaha tele usoni.

"Dada, simu yako. Hongereni sana! Kule nyuma sikusikia sauti, lakini niliona watu walivyokaa. Nikasema hapa mwishoni lazima pana kitu. Nimekuwekea palepale, dakika ya nane, ukibonyeza tu inaanza. Na mimi kesho unisikilizishe."

Akaniwekea mkononi, akaenda zake kukunja nyaya.

Kaka alikuwa ameinua uso. Alifuta macho kwa lile shati.

"Ndiyo yenyewe hiyo? Sauti yake yenyewe?"

Nikaitazama simu mkononi.

"Siyo kwamba simwamini dada," akasema, na alikuwa anacheka na kulia pamoja. "Ameiga vizuri mno. Lakini nataka nimsikie mzee mwenyewe akinitamkia. Mara moja tu. Halafu jioni hii tumpelekee Mama, na yeye asikie. Anaumia sana yule, anadhani mzee alizikwa na kinyongo."

"Kaka," akaanza Kasuku, "simu yenyewe chaji..."

"Chaji imejaa, naiona."

Akachukua zile spika mbili za masikioni zilizokuwa zinaning'inia kwenye simu. Sikumpa. Sikumnyima pia. Alizichukua kama mtu anavyochukua kitu chake.

Kitufe cha kufuta kilikuwa upande wa kushoto. Kidole kimoja tu, na Baba asingetamka lile neno tena kwa mtu yeyote. Wala asingepumua tena. Kitufe cha kupiga kilikuwa katikati.

Ndipo ganzi ya miezi kumi na moja iliponiachia mara moja, kuanzia vidoleni, ikapanda, ikafika kifuani, nikaumia kila mahali, na nikatamani irudi. Nilikuwa nalia. Kasuku alikuwa ameshika mkono wangu wa pili, na hakuna aliyekumbuka habari ya mashuka.

Kaka akadhani nalia kwa furaha. Akachomeka spika ya kulia, kisha ya kushoto, akaegemeza kichwa ukutani na kufumba macho, uso wake umetulia kama wa mtu anayengoja kubarikiwa.

"Bonyeza, mdogo wangu," akasema kwa sauti kubwa, maana masikio yake yalikuwa yamezibwa. "Niko tayari."